Simujanja au kitochi: ipi ikae mfukoni kwa anayekula kwa kupigiwa simu?

Mimi ni fundi umeme, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Sina duka wala kibao barabarani. Kazi zangu zinaingia kwa sikio: mtu anamuuliza jirani yake, anapewa namba, anapiga. Asiponisikia mara ya kwanza atarudia. Asiponisikia mara ya pili anamtafuta mwingine, na tangu serikali ihamie huku mafundi tumejaa, kila bodaboda inayopita imebeba ngazi.

Simu niliyoinunua mwaka juzi ina kila kitu. Kamera tatu nyuma, GB 128 za kuhifadhi, alama ya kidole, betri ya mAh 5,000, kioo kinachosomeka hata saa nane mchana juani. Inahesabu hatua, inatafsiri Kichina, inasema mvua itanyesha lini Bahi (inadanganya, lakini hata sisi wenyeji mawingu ya Desemba hutudanganya). Kazi moja tu inaishinda: kupiga na kupokea simu.

Siku iliyonichosha nilikuwa darini, Ihumwa, navuta waya. Mteja wa Ilazo akapiga. Jina likatokea, picha yake ikatokea, nikaburuza alama ya kijani kwa kidole chenye vumbi la jipsamu, ikagoma. Nikaburuza tena, ikapokea. "Haloo." Namsikia yeye vizuri kabisa: "Fundi? Fundi, mbona kimya?" Nikapaza sauti mpaka mwenye nyumba akadhani nimepigwa shoti. Ikakata. Nilipompigia baada ya kushuka akanijibu kwa upole, "Usijali kaka, nimeshapata mtu."

Jioni ile nikatoa droo yote mpaka nikakipata kitochi changu cha zamani, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, nikaviweka vyote viwili mezani.

Kabla ya kulinganisha, tulinganishe sawasawa

Kosa ninaloliona kwa watu wengi ni hili: simujanja ina laini ya mtandao huu, kitochi cha bibi kina laini ya mtandao ule, halafu mtu anasema kitochi kinashika kuliko simujanja. Hapo umelinganisha minara, hukulinganisha simu. Toa laini ileile, iweke kwenye simu ya kwanza, kaa palepale, mpigie mtu yuleyule, kisha hamishia kwenye ya pili ndani ya dakika hizohizo. Ikisumbua kwenye zote mbili, ugonjwa ni wa mnara au wa nyumba, na hela yako ya simu mpya itakuwa umeitupa. Nyumba nasema kwa sababu bati juu, nondo madirishani na ukuta mnene wa tofali hula mawimbi. Sogea nje hatua tatu uone.

Jambo dogo linalokwamisha jaribio hili: laini ya simujanja imekatwa ndogo, kitochi kinataka kubwa. Kile kiplastiki inachobanduliwa usikitupe. Na usiichomeke ile ndogo peke yake kwenye tundu kubwa, itanasa kwenye vile vimeno vya ndani na utamlipa fundi.

Nilijaribu sehemu tatu. Sebuleni kwangu Nkuhungu, kwenye jengo ninalofunga umeme Mtumba, na nyumbani kwa mama upande wa Mvumi. Majibu hayakuwa niliyoyategemea.

Mnara: Mvumi kitochi kilishinda, mjini hapana

Sebuleni Nkuhungu, kwa upande wa kushika mtandao tu, sikuona tofauti. Mtumba vilevile. Kwa mama ndipo mambo yakabadilika. Kitochi kiliita ndani ya muda wa kawaida. Simujanja ilikaa kimya sekunde kadhaa, vijiti vikapotea, vikarudi, ndipo ikaita. Mama alipojaribu kunipigia mimi nikiwa nimesimama nje chini ya mwarobaini, hatua ishirini tu kutoka alipokaa, akaambiwa sipatikani.

Sababu yake inaeleweka. Intaneti kwenye simujanja hupita 4G, lakini sauti haipiti huko mpaka simu, laini na mtandao vyote vikubaliane kwenye huduma inayoitwa VoLTE. Kimoja kisipokubali, kila unapopiga au kupigiwa simu inalazimika kuiacha 4G, ishuke kwenye mitandao ya zamani, 3G au 2G, ijitambulishe huko, ndipo mlio utoke. Mjini huko kushuka ni sekunde chache. Kijijini, ambako 4G inafika kwa kuchechemea, simu inang'ang'ania kile kiuzi chembamba cha intaneti, na anayekupigia anaambulia "haipatikani". Kitochi cha 2G hakina cha kuchagua. Kimekaa kwenye 2G saa zote, kikiitwa kinaitika.

Kuna na suala la nguvu. Kwenye masafa ya megahezi 900 simu ya 2G inaruhusiwa kupaza hadi wati 2. Kwenye 4G simu ya kawaida haizidi wati 0.2. Tena mawimbi ya masafa ya chini huenda mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Mnara wa kawaida wa 2G unaweza kumhudumia mtu aliye hadi kilomita 35, ilimradi asiwe nyuma ya mlima. Ukiwaza ni watu wawili wanaitana kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile ya korongo, mmoja anaita kwa kifua, mwingine anaongea kistaarabu.

Lakini tusikipambe kitochi bure. Simujanja nayo ina 2G ndani yake, yenye kifua kilekile. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao wa simu, nikachagua 2G pekee. Papo hapo tofauti karibu yote ikaisha. Intaneti ilikufa, ndiyo, lakini mama alinipata kila alipopiga. Kama shida yako ni ya wikiendi za kijijini tu, huna haja ya kununua kitu. Kumbuka tu kurudisha ukifika mjini. Simu chache zimeficha chaguo hilo, kwa hiyo lichungulie dukani kabla hujalipa.

Utajuaje kama yako ina VoLTE inayofanya kazi? Piga simu huku ukiangalia pembe ya juu ya kioo. 4G ikibaki 4G wakati mnaongea, uko salama. Ikigeuka H, 3G au E, ujue inashuka. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, zile za mtumba zinazoingia na mizigo, mara nyingi ndizo zinazokosa, hata kama boksi limeandikwa kwamba zinayo.

Sauti: hapa simujanja yangu ilijiaibisha

Kwa kuwa Nkuhungu mnara haukuwa tatizo, kwa nini watu hawanisikii? Nilimpelekea fundi simu mmoja pale Majengo. Hakuifungua. Aliitazama, akacheka, akabandua protekta na kuvua kava. Protekta ilikuwa imefunika kile kijicho cha juu kinachojua kwamba simu imekaa shavuni. Kisipoona, kioo hakizimiki, na shavu lako linaanza kazi: linabonyeza kuzima maiki, linaweka mtu kusubiri, linakata. Ile siku ya Ihumwa huenda ni shavu langu lililompoteza mteja. Na kava lilikuwa na tundu la maiki lililokaa pembeni kidogo ya maiki yenyewe, kwa hiyo nilikuwa naongea na mpira.

Kisha likaja vumbi. Dodoma na vumbi lake hazihitaji maelezo, mimi naongeza na la matofali ninayotoboa. Ule wavu wa spika ya sikioni ulikuwa umeziba kama chujio la chai lisilooshwa. Aliusugua kwa mswaki mkavu, mlaini, simu ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke nje. Usitumie sindano. Usipulize kwa mdomo pia, unapeleka mate ndani.

Baada ya hapo simujanja ilipanda madaraja mengi. Si zote zinazopona hivyo, maana kuna zenye ubovu wa kuzaliwa. Mwaka 2010 Apple, pamoja na ukubwa wake, ilitoa iPhone 4 ambayo ukiishika kwa kufunika pembe ya chini kushoto mtandao ulishuka, kwa sababu antena ilikuwa kwenye fremu ya nje. Ikaishia kugawa makava bure. Kwa hiyo ukiona simu yako inakata ukiishika na haikati ukiiweka mezani kwenye spika, badilisha mshiko kwanza, halafu ndipo umlaumu mtandao.

Sasa kitochi. Spika yake ni kelele tupu, na kwa kazi yangu kelele ni sifa. Kwenye jengo lenye drili mbili zinazonguruma nasikia kila neno. Ubaya wake unaujua ukiwa kwenye daladala: konda, dereva na abiria wa viti vitatu vya nyuma wote wameshajua nadaiwa shilingi ngapi na nani. Na kuna sehemu kitochi kilishindwa waziwazi: upepo. Wakati ule wa kipupwe, Juni kwenda Agosti, upepo wa hapa unavuma kama umetumwa. Simujanja nyingi zina maiki ya pili upande wa juu, kazi yake ni kusikiliza makelele ya nje na kuyaondoa kwenye sauti yako. Kitochi kina moja, inachukua kila kitu. Nilipiga nikiwa juu ya paa Mtumba. Kwa kitochi mteja alisikia upepo na neno "fundi" tu, kwa simujanja tulielewana hadi bei ya meinswichi.

Ubora wa sauti yenyewe nao una ngazi. Simu ya kawaida ya 2G inabeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ndiyo maana "s" na "f" hufanana na mtu akikutajia jina la mtaa lazima arudie. VoLTE, ikikubali, inafika karibu hezi 7,000. Kupiga kwa WhatsApp mjini, bando likiwepo na mtandao ukitulia, nako kunasikika vizuri kuliko simu ya kawaida. Ukivuka Chamwino kwenda vijijini, usiutegemee.

Kupokea

Hapa sina maneno mengi. Kitochi kina kitufe. Mkono ukiwa na jasho, saruji, mafuta au glavu, kitufe kinabonyea. Kioo cha kugusa kinataka kidole kisafi na simu isiyojaa. Ile yangu ilikuwa na picha za soketi zilizoungua tangu nimeinunua, nafasi imebaki kiduchu, simu inaita sekunde tano ndipo kioo kinaamka kuonyesha ni nani. Nilifuta picha na video za magrupu ya harusi, ikawa nyepesi. Angalia na ile alama ya mwezi, ya usisumbuliwe. Jirani yangu aliishi nayo siku nzima bila kujua, akawa analaumu mtandao.

La laini mbili halina mshindi. Nyingi ya simu hizi, janja na tochi, zina laini mbili lakini mdomo mmoja: ukiwa unaongea kwenye ya kwanza, ya pili inasema haipatikani. Kama namba zote mbili ni za kazi, hilo peke yake ni sababu ya kubeba simu mbili.

Kisichowezekana kwa kitochi

Nilijaribu kuishi na kitochi pekee kwa wiki mbili. Siku ya tatu nikaanza kutapatapa. Mteja wa siku hizi haelezi tatizo, anapiga picha: soketi imeungua hivi, luku imeandika hivi, nijibu. Nyumba hazina namba, anakutumia lokesheni. Bosi wa jengo anataka risiti za vifaa kwenye WhatsApp kabla hajatuma hela. Kwa kitochi nilikuwa naelekezwa, "ukishuka Nzuguni uliza kwa mama muuza mihogo", na mama muuza mihogo siku hiyo hakuja.

Hela haisumbui. Menyu ya *150*00# au *150*60# inafanya kazi sawasawa kwenye zote, na luku unalipa. Baadhi ya programu za benki, hata hivyo, zinataka laini iwe ndani ya simu hiyohiyo, kwa hiyo ulizia kabla ya kuhamisha laini.

Chaji: kitochi siku tatu hadi nne kwangu, simujanja haivuki saa tatu usiku. Umeme ukikatika kwa fundi umeme watu wanacheka, lakini unakatika. Bei: kitochi kipya nilikiulizia kwa elfu thelathini na kitu, simujanja yangu niliilipa zaidi ya mara kumi ya hiyo. Na kitochi kikianguka kutoka kwenye ngazi, unakusanya mfuniko, betri na kitochi, unaviunga, maongezi yanaendelea. Simu ya tochi iliyolijaza jina hilo vinywani mwa watu, Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na sioni siri nyingine zaidi ya hiyo.

Wapo watakaokuambia chukua ya katikati, kitochi chenye intaneti, zile za mfumo wa KaiOS. Miaka michache nyuma ningekubali. Lakini WhatsApp ilishaondolewa kwenye duka la programu la simu hizo tangu Juni 2024, na bila WhatsApp inabaki kuwa kitochi cha bei ya juu.

Sasa uchague ipi

Kama wewe ni mtu wa ofisini Mtumba, unaongea na wenzako kwa WhatsApp, simu za kawaida kwa siku haziwi nyingi: baki na simujanja. Vua kava, kagua protekta, sugua wavu, futa takataka. Ikishindikana, nunua spika za masikioni za waya zenye maiki; zinaruka maiki na spika za simu yenyewe kwa mkupuo, na bei yake ni ndogo.

Kama unamnunulia mzazi kijijini, kitochi, bila kujiuliza. Herufi kubwa, kitufe, tochi ya kuendea zizini usiku. Ila uliza kwanza mnara wa karibu nao ni wa mtandao gani, na sasa una nini. Minara ya vijijini inaongezeka. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 mwaka 2023 pekee, kwa hiyo jibu la miaka mitatu iliyopita huenda limepitwa. Baba akikung'ang'ania anataka kuona wajukuu kwa video, hapo ndipo simujanja iwe ya pili, isiwe ya kwanza.

Kama unakula kwa kupigiwa, kama mimi, kama dalali wa alizeti Kibaigwa, kama bodaboda wa stendi, beba zote mbili. Ujanja ni mgawanyo wa laini. Ile namba ambayo watu wanaijua nimeihamishia kwenye kitochi. WhatsApp ya namba hiyohiyo imebaki kwenye simujanja, kwa sababu WhatsApp huihitaji laini wakati wa kuthibitisha tu. Meseji ya msimbo ikija inaingia kwenye kitochi, naisoma, naiandika kule. Ndani ya simujanja nimeweka laini ya pili, ya bando la intaneti, ambayo hakuna anayeijua isipokuwa mke wangu. Kwa mteja bado mimi ni namba moja. Anapiga, kinaita kitochi. Anatuma picha, inaingia simujanja.

Asiyetaka mizigo miwili anaweza kuacha laini kwenye simujanja na kuandika **62* ikifuatiwa na namba ya pili na #, halafu kupiga: ukiwa hupatikani, simu zinaelekezwa kule. Kuzifuta zote ni ##002#. Mtandao wako unaweza kukukata hela kwa kila simu inayoelekezwa, na namba hiyo ya pili lazima iwe kwenye simu iliyo hewani, kwa hiyo bado tumerudi kwenye kitochi kwa mlango wa nyuma.

Ukiamua kununua simujanja mpya, fanya kitu ambacho sikukifanya mimi. Pale One Way muuzaji atakuonyesha kamera kwa dakika kumi. Mwache amalize, kisha weka laini yako mwenyewe, toka nje ya duka kwenye kelele, mpigie mtu mwenye subira. Muulize unasikikaje. Weka shavuni uone kama kioo kinazimika. Mwambie naye akupigie, hesabu kioo kinachukua muda gani kuamka. Muuzaji akikataa usitoke nje na simu, mwambie mtoke wote. Kisha bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu; uitume kwenda 15090 ujue kama simu ni halisi, maana Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia, na waliolia siku ile si wauzaji.

Mama yangu, mara ya kwanza nilipompigia kwa kitochi, alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Umekuja? Uko nje?" Nikamwambia niko Nkuhungu. Hakuamini mpaka nikamsikilizisha jogoo wa jirani.

Na yule mteja wa Ilazo kapiga tena wiki iliyopita. Anasema fundi aliyempata siku ile hapatikani hewani.